Mlango wa Wasiofika

Villafranca, Hispania
6 Aprili 2025

Kwa Baba, Mzee Murunga,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Filister wa cyber ameichapisha kwa herufi kubwa nilivyomwomba. Kama amekutoza ukurasa wa pili ambao hauna kitu, mwambie mwanao amekasirika huko Ulaya.

Wiki hii nimeongoza wazee tisa, Wajerumani na Waholanzi, kwenye Njia ya Mtakatifu Yakobo. Watu wameitembea kwa zaidi ya miaka elfu moja kwenda kwenye kaburi la mtume. Siku hizi wengine hawaendi kusali, wanaenda kutazama. Huku wameorodhesha njia nyingi za aina hii, kila moja na jambo lake: njia ya mizeituni, njia ya nyumba za watawa, njia ya miji yenye maji moto, hata njia ya makaburi. Usicheke, Baba. Mtu anapanda ndege kwenda kuona makaburi ya watu ambao hata si wa ukoo wake.

Kila msafiri ana kijitabu, na kila anapolala anagongewa muhuri. Mishale ya manjano imechorwa kwenye mawe, kwenye kuta, hata kwenye mapipa ya taka, kwa hiyo huwezi kupotea hata ukitaka. Wazee wangu wanalalamika miguu tangu asubuhi, halafu jioni wakishakula wanaimba.

Hapa Villafranca kuna kanisa dogo lenye mlango wa ubavuni. Zamani, msafiri aliyeugua akashindwa kuendelea aliletwa kwenye mlango huo, na hapo hapo alisamehewa dhambi zake sawasawa na yule aliyefika mwisho. Alikuwa amebakiza kama kilomita mia mbili, lakini walimhesabu kuwa amefika. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Dada yangu Bridgit anauliza kwa nini simo kwenye picha ninazotuma. Mwambie anayepiga picha ndiye mimi. Kuhusu simu, kampuni haitaki tushike simu tukiwa na wageni, na Mama akisikia sauti yangu atalia mpaka presha ipande. Wewe nawe masikio yako tunayajua. Barua zinatutosha.

Mwanao,
Morris


Kawangware 46
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Mwanangu Morris,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako Nasipwondi. Naandika kwa mkono wangu, kisha Filister atapiga picha karatasi hii na kukutumia, kama kawaida yetu.

Barua yako ilisomwa kanisani leo baada ya matangazo. Mimi sikusikia neno, miaka thelathini na mmoja ya kugonga bati imenimaliza masikio, lakini niliangalia nyuso za watu. Pale kwenye mlango wa wale wasiofika, nikaona Mama Trizah ametoa leso. Pasta akaombwa arudie. Wewe ulikuwa mtoto wa kuficha daftari la hesabu kwenye sanduku nililokutengenezea mwenyewe, na leo watu wazima wanalia kwa sababu ya maandishi yako. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula, na unajua mimi na chapati za Pasaka.

Kuna jambo lingine. Madam Valerie, yule aliyekutafutia kazi, alipita karakana yangu. Nilimwonyesha barua zako zote. Aliposoma ya kwanza aliniangalia, akasoma ya pili. Halafu akacheka, akaniandikia kwenye karatasi: "Kumbe kijana anaendelea vizuri." Aliomba nakala. Sasa amezipiga plastiki na kuzitundika ofisini mwake, juu ya duka la dawa, na wazazi wanapanga foleni kuzisoma. Mimi nikipita hapo watu wananipa njia.

Bridgit ameacha kazi ya saluni. Anataka kukufuata. Valerie anasema nafasi ya msichana ipo. Sasa wewe tuambie: aanze kujifunza Kihispania, ama Kiingereza chake kitatosha?

Baba yako,
Murunga


Olympic, Kibera
27 Aprili 2025
(Rasimu. Haijatumwa.)

Baba,

Mimi sijawahi kutoka Nairobi.

Siku ile, mwaka juzi, mliponisindikiza uwanja wa ndege, karatasi ya visa niliyopewa na Valerie ilikuwa ya uongo. Afisa aliniambia taratibu, bila kunipigia kelele, na huo upole ndio ulionivunja. Nilirudi mpaka kwenye kioo nikawaona. Mlikuwa bado kando ya basi la kanisa, kina mama na sare zao, wakiimba. Mama alikuwa anacheza. Wewe ulikuwa unapiga makofi ukifuata mikono ya watu kwa macho ili usikosee. Uliuza mashine yako ya kukunja bati ili mimi niende, ukarudi kukunja kwa nyundo na mikono. Ningetokaje pale, Baba? Nikajifungia chooni mpaka basi likaondoka.

Nikaja Kibera, upande wa Olympic, kwa jamaa anayeitwa Mulwa. Ana akaunti ya kuandikia tovuti za ng'ambo, na mimi ndiye ninayeandika chini ya jina lake. Kazi iliyokuja ilikuwa hiyo: maelezo ya njia za kale za Ulaya, kwa watalii. Nimeandika njia za mizeituni, nimeandika nyumba za watawa, nimeandika makaburi arobaini. Najua ni mlango upi wa kanisa gani unatazama kaskazini. Nilipokuandikia barua ya kwanza nilitaka tu ujue nimefika salama, ili upate usingizi. Ukajibu kwa furaha nikashindwa kukuacha hivyo. Nikaandika ya pili.

Kutoka hapa mpaka kwetu Kawangware 46 ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa miguu. Mara mbili nimefika Dagoretti Corner nikageuka. Naweza kukueleza njia ya kilomita mia nane kijiji kwa kijiji, na hii ya kwetu imenishinda.

Valerie anajua siko Ulaya. Anajua vizuri kuliko mtu yeyote. Amesoma barua zangu akaona nimemfanyia kazi yake bila hata kuniomba.

Bridgit asiende popote. Nitakutumia barua hii kesho.


Villafranca, Hispania
28 Aprili 2025

Kwa Baba,

Nimefurahi kusikia Pasaka ilikuwa njema.

Kuhusu Bridgit, naomba asubiri. Kazi hii si ya msichana. Tunabeba mizigo ya wazee, tunatembea kilomita ishirini na tano kwa siku, miguu inatoka malengelenge, na mvua ya huku haina huruma. Isitoshe kampuni inapunguza watu. Mwambie arudi saluni kwanza, mwaka ujao tutaona.

Tena Valerie msimwamini sana. Amekuwa mtu wa biashara mno.

Mwanao,
Morris


Kawangware
18 Mei 2025

Niaje Morris,

Leo naandika mwenyewe kwa simu ya Filister, juu Papa ameandika barua mara tatu akazichana zote. Umemuumiza na hajui aseme aje.

Hebu nikuulize bro. Wakati wewe ulikuwa unaenda, nani alikuwa anabeba maji ya Mama asubuhi na jioni? Nani alishinda kwa taa za saluni akisuka watu mpaka vidole zikavimba ndio wewe ununuliwe koti? Mimi. Sikusema kitu. Nilijua ni zamu yako, na yangu itakuja. Sasa imekuja unaniambia mvua. Morris, mvua! Mimi nimelala miaka ishirini na tatu chini ya mabati inavuja, unaniambia nitaogopa mvua ya Spain?

Valerie alituambia mapema. Alisema wenye wamefika huwa hawataki wengine wafike, wanaanza kusema kazi imepungua, wanaanza kumchafulia jina. Nikamtetea ndugu yangu. Nikasema Morris hawezi. Wiki moja baadaye barua yako ikakuja na maneno yale yale, ni kama alikuwa amekusomea. Niliaibika sana.

Sikuchukii. Lakini ukitaka niamini, nipigie video call. Dakika moja tu, uko kwa hiyo njia yako, nikuone uso. Ukinipigia uniambie "usikuje" nikikuangalia machoni, nitabaki. Naapa kwa Mama.

Jumapili ijayo saa nane. Nitakuwa hapa kwa Filister.

Sista yako,
Bridgit


Villafranca, Hispania
26 Mei 2025

Dada yangu Bridgit,

Samahani. Jumapili nilikuwa na wageni milimani na mtandao ulikataa kabisa. Najua ulingoja.

Nakuomba kwa mapenzi ya Mama, usiende. Sina maneno mengine. Siwezi kueleza yote kwenye barua inayosomwa na watu. Niamini tu.

Morris


Kawangware 46
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Umenyamaza tangu Mei. Sisi hatukunyamaza.

Bridgit alikaa kwa Filister Jumapili ile tangu saa saba mpaka walipofunga. Aliporudi hakulia. Alinichukulia chaki yangu ya kupimia bati, akaandika kwenye sanduku lililokuwa mbele yangu: "Hataki niende, na hataki nimwone." Sikulifuta neno hilo siku nzima.

Nakuambia kama baba, hukufanya vizuri. Hata hivyo sikulaani. Mwenye nyumba wetu, Kihara, ametupa uwanja wake bure tukafanya harambee ya nauli, na watu walijitokeza hata wasiokuwa wa kanisa letu. Walijitokeza kwa sababu ya barua zako. Mtu mmoja alisimama akasema ametoa kwa ajili ya ule mlango. Vijana wanaokwenda ni kumi na mmoja, pamoja na Trizah, rafiki wa Bridgit. Safari ni Jumamosi hii, tarehe tisa. Watapita nchi moja kwanza ya kufanyiwa karatasi, kisha waje huko kwenu.

Bridgit ameshona barua yako ya Villafranca ndani ya mkoba wake, anasema ndiyo ramani yake. Ameapa akifika atakutafuta akuchape kofi, halafu akukumbatie. Nakuomba umpokee. Ni mkaidi lakini ni damu yako.

Kama una neno la kumzuia ambalo ni la kweli, sema sasa. Nitamshika mkono mimi mwenyewe.

Baba yako,
Murunga


Olympic, Kibera
11 Agosti 2025

Baba,

Barua yako imekaa kwenye simu yangu siku nane. Niliona jina la Filister nikaogopa kuifungua. Nilidhani ni Bridgit tena ananiomba nimpigie. Nimeifungua leo asubuhi.

Sijawahi kufika Ulaya. Visa ya Valerie ilikuwa ya uongo na hii ya Bridgit ni hiyo hiyo ama mbaya zaidi. Niko Kibera, huku Olympic. Nimekuwa hapa muda wote. Kila nilichokuandikia nilikitoa kwenye kazi ninayofanya ya kuandikia watalii. Hakuna kampuni, hakuna wazee tisa. Ule mlango upo, lakini mimi sijawahi kusimama pale.

Nimepiga namba ya Bridgit tangu asubuhi. Haipatikani. Nimeenda ofisini kwa Valerie na kofia imefunika uso, nimepita nje ya karakana yako, nilikuona umeinama na nyundo. Ulikuwa umenipa mgongo. Nilisimama pale ng'ambo ya barabara. Ofisi imefungwa.

Niambie nifanye nini. Niambie nije nami nitakuja leo. Nipige, niitie polisi, nisimamishe mbele ya kanisa. Chochote, Baba. Lakini niambie kitu.

Morris


Kawangware 46
2 Novemba 2025

Morris,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa nimekaa chini na sikumbuki nilivyokaa. Ni karibu miezi mitatu sasa. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa laana, na sikutaka kumlaani mtoto wangu wakati nimebaki na mmoja tu ninayejua aliko.

Nitakuambia yaliyotokea kwa kifupi. Nilikwenda polisi. Askari aliandika, akanipa namba ya ripoti, akanishauri niwe na subira. Ofisi ya Valerie ilikodishwa na fundi wa simu mwezi uliofuata. Barua zako zilikuwa bado ukutani. Fundi aliniruhusu nizibandue.

Wiki iliyopita Trizah alirudi. Hakwenda kwao, alikuja kwangu karakana akiwa amejifunika kichwa, amekonda, sikumjua. Kwa kuwa mimi sisikii, aliniandikia kwa chaki kwenye bati, nasoma, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Alisema walishushwa kwenye nchi ya jua kali ambayo si Hispania wala karibu yake. Walinyang'anywa pasipoti, wakafungiwa chumba kimoja siku tisa. Kisha yakaja magari mawili. Yeye alikuwa na homa wakamwacha. Mwanamke mmoja wa Uganda aliyekuwa akipika hapo ndiye aliyemficha na kumsaidia kurudi.

Bridgit aliingia kwenye gari la pili. Trizah anasema kabla ya kuingia aliitoa barua yako kwenye mkoba, akamwonyesha dereva jina la ule mji, akamwuliza kama ndiko wanakoelekea. Dereva alitikisa kichwa kuwa ndiyo. Basi akapanda. Tangu hapo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Mwandiko huo Trizah alipoufuta nilimshika mkono, nikamwomba auandike tena, labda nilisoma vibaya. Nilikuwa nimesoma vizuri.

Trizah nimemtuma kwa shangazi yake Kitale. Nimemsihi asizungumze. Wale wengine tisa, wazazi wao hunijia kila Jumapili kuniuliza kama Morris amewaona watoto wao huko. Nawaambia Ulaya ni kubwa.

Sasa sikia sababu ya barua hii.

Mama yako hajui. Hajui habari zako, hajui za Bridgit. Anajua ana watoto wawili Ulaya. Tangu Agosti anaketi mlangoni akingoja Filister apite, na Filister akipita mikono mitupu anarudi kulala. Ameacha dawa za presha. Uji anaonja kijiko kimoja, anasema amelishwa na harufu. Daktari wa zahanati aliniandikia kwamba ugonjwa wake hauoni, ila mtu huyu anaondoka.

Wewe ulinidanganya mimi miaka miwili nikaamini, na sikuwa mjinga. Unajua kazi hiyo. Basi mwandikie mama yako kama Bridgit. Sauti yake unaijua, umelala naye chumba kimoja miaka mingi. Sema simu ilipotea. Weka vitu vya huko, majina ya miji, miti, vyakula, zile habari zako. Andika kila mwezi. Nitazipeleka mimi nyumbani, na Filister nitamwambia anyamaze.

Na usije. Nimelifikiria hili nikageuza kila upande. Mama yako akikuona umesimama hapa mlangoni, siku hiyo hiyo atajua Bridgit hayupo mahali popote. Kwa hiyo hutakuja, Morris. Si mwaka huu, na si tukiwa hai. Ukiniona barabarani usinifuate.

Nilisali nikafikiri Mungu ataniambia niache. Hakusema kitu, au alisema na mimi sisikii.

Murunga


Spello, Italia
9 Novemba 2025

Mama yangu,

Sasa Mum! Usishtuke, ni mimi Bridgit. Pole sana kwa kunyamaza. Simu yangu iliibwa siku ile tu tulifika, na namba zote zikaenda na hiyo simu. Nililia, si kwa sababu ya simu, ni kwa sababu nilijua unangoja.

Niko Italia sasa. Wamenipeleka kwa njia ya mizeituni. Ni miti mifupi yenye majani ya rangi ya majivu, mingine wanasema ina miaka mia nane na bado inazaa. Mwezi huu ndio wanavuna. Wanatandika wavu chini ya mti, wanachana matawi na kitu kama kitana, matunda yanaanguka. Wageni wanatembea kutoka shamba hadi shamba, kila mahali wanaonja mafuta mapya na mkate. Mimi ndiye nawakatia mkate. Mafuta yanawasha koo kidogo, ungekohoa wewe!

Baridi ipo lakini nina koti. Ninakula vizuri, hata nimenenepa uso. Nasuka pia wasichana wawili Waafrika tunaoishi nao, kwa hiyo vidole bado vinafanya kazi.

Morris nimemwona. Alikuja kunipokea. Nilimchapa kofi nilivyoapa, halafu tukashikana tukakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutuangalia. Ameniomba msamaha, Mum. Aliniomba sana. Nikamwambia yameisha.

Sasa wewe nisikie. Meza dawa. Kunywa uji wote, si kijiko. Ukae ndani, mlangoni kuna baridi asubuhi. Nitakuandikia kila mwezi, Papa atakuletea.

Nitakuja nyumbani wakinipa ruhusa. Sijui ni lini, lakini wewe ningojee tu.

Mtoto wako,
Bridgit